Traveli au siyo? Anza na mikono

Goti langu lilinistaafisha kucheza mpira wa kikapu, ndiyo maana Jumamosi filimbi huwa mdomoni mwangu kwenye uwanja wetu wa saruji hapa Uyole. Cheti sina, koo ninalo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya Mbeya ya kukufanya ufiche vidole kwapani, aliingia kijana aliyekuwa amekaa kwenye majani. Viatu vimelowa umande. Akadunda, akaukamata mpira, akafunga. Wapinzani wakadai traveli, yaani kutembea na mpira mkononi kupita hatua zinazoruhusiwa, na hawakubishana kwa mdomo tu: walichukua chaki wakazungushia nyayo zake mbichi. "Tangu mdundo wa mwisho ni tatu, refa! Unataka ushahidi gani tena?"

Nyayo hazisemi mpira ulikuwa wapi, na hapo ndipo ubishi mwingi unapopotea. Ukitaka kuamua, achana na miguu kwanza. Uliza: mpira ulishikwa lini? Mikono miwili, au mmoja ukiutuliza kwa chini, hapo umeshikwa. Kama mchezaji yuko kwenye mwendo na mguu mmoja tayari uko chini wakati anaushika, mguu huo hauhesabiwi. Ndiyo hatua sifuri, ambayo FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, waliiruhusu kwenye sheria zilizoanza kutumika Oktoba 2017. Baada yake ana hatua mbili, na mpira utoke mkononi kabla hajakanyaga tena.

Nikamwambia kijana arudie polepole, akanyage ndani ya miduara ileile. Mpira ulipotua viganjani, kulia kulikuwa chini, kama nilivyoona mwanzo. Sifuri. Kushoto moja, kulia mbili. Halali.

Ila sifuri haimwokoi aliyepokea akiwa amesimama. Huyo akitaka kudunda, mpira uachie mkono kabla mguu wake wa mhimili, ule unaobaki chini anapogeuka, haujanyanyuka. Vijana wetu wanakosea hapa kuliko popote, na hakuna anayepiga kelele kwa sababu hakuna kikapu kilichofungwa. Anayepokea akiwa mbioni naye, kama anataka kudunda, mpira uondoke kabla ya hatua ya pili. Na ukishaushika, kuruka kwa mguu uleule mara mbili, kulia-kulia, ni kosa hata kama umependeza.

Aliyeanguka akateleza na mpira, mwache. Akijiviringisha nao au akijaribu kuinuka nao, puliza.

Atakuja mtu na klipu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwenye simu. Usibishane naye, mwombe airudishe nyuma, aisimamishe pale mpira unapokaa mkononi, ndipo aanze kuhesabu. Wengi huishia kuomba chaji.

Na kama mikono hukuiona, usipulize kwa kukisia.

Kijana nilimpa pointi zake mbili. Wale walikuwa bado wananung'unika, jua limeshakausha nyayo zote, imebaki miduara ya chaki haina kitu ndani.