Mawingu na vivuli kwenye picha za Sentinel-2: mfano wa Kilimanjaro

Ukifungua picha ya Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya inayopiga picha za ardhi, ya upande wa Moshi wingu utaliona tu, ni jeupe pee, hilo halimsumbui mtu. Kinachotuponza ni kivuli chake. Kivuli kinafanana na maji, kinafanana na shamba lililochomwa, kinafanana hata na msitu mnene kule juu, halafu mtu anaandika ripoti kwamba migomba imekauka kumbe wingu lilipita pale saa tano asubuhi setilaiti ikiwa inapiga picha.

Kosa ninaloona sana ni watu kuchuja picha kwa asilimia ya mawingu, wanaweka chini ya 10 na zinabaki picha mbili tatu mwaka mzima. Ile asilimia ni ya kigae kizima, yaani kipande cha picha cha karibu kilomita 110 kwa 110, kwa hiyo picha yenye mawingu 60 inaweza kuwa safi kabisa pale Marangu unapopataka wewe. Weka kikomo cha juu, hata 80, alafu safisha pikseli (nukta za picha) moja moja.

Kusafisha kwenyewe, kama unatumia Google Earth Engine (mfumo wa Google wa kuchakata picha za setilaiti mtandaoni), chukua mkusanyo wa picha za S2_SR_HARMONIZED uunganishe na Cloud Score+, data ya kupima usafi wa picha. Inakupa alama kati ya 0 na 1 kwa kila pikseli, 1 ni safi, na uzuri wake inahesabu na vivuli humohumo. Anza na bendi ya cs_cdf, bakiza kuanzia 0.60 kwenda juu. Mawingu mepesi yakibaki panda 0.65, ukiona inakula ardhi nzuri shuka 0.50. Ukifanya kazi nje ya hapo tumia bendi ya SCL, ramani inayoipa kila pikseli namba ya aina yake, inayokuja na picha za L2A (zilizokwisha sahihishwa athari za hewa): toa namba 3 (kivuli), 8 na 9 (mawingu), 10 (yale membamba ya juu), na kingo uzipanue kidogo maana pembeni mwa wingu huwa kuna ukungu ambao SCL haiuoni. Namba 2 usiifute kibubusa, mle mna vivuli vya mlima wenyewe, makorongo yatakutoka yote. Na angalia mapaa ya mabati na barafu ya Kibo, mara nyingi vinasomwa kama wingu wakati havisogei popote.

Sasa hapa ndo pa kutulia. Ukiwa na shaka doa jeusi ni kivuli au la, tafuta wingu lake. Asubuhi jua liko mashariki so kivuli kinaangukia magharibi, ila mwezi wa sita jua liko kaskazini mashariki kwa hiyo kivuli utakikuta kusini magharibi ya wingu, mwezi wa kumi na mbili kinahamia kaskazini magharibi. Umbali unapatikana hivi: urefu wa wingu kutoka ardhini mara tanjiti ya pembe ya jua kutoka utosini, na pembe hiyo imeandikwa kwenye maelezo ya picha, MEAN_SOLAR_ZENITH_ANGLE. Wingu la mita 2,000 na pembe ya digrii 30 ni kama mita 1,150, yaani pikseli 115 za mita 10. Ukipima huko ukakuta doa lenye umbo lilelile la wingu, ni chake. Usipokuta, fungua picha ya siku 5 baadae: bwawa la Nyumba ya Mungu litakuwa palepale, kivuli kitakuwa kimeondoka.

Ukishasafisha kila picha ndipo unaziunganisha kwa mediani (thamani ya katikati ya kila pikseli), sio kabla. Mediani peke yake haikuokoi sehemu ambayo zaidi ya nusu ya picha zake zina wingu, na mteremko wa kusini ndo ulivyo kwa miezi mingi. Hesabu pia kila pikseli imebakiwa na picha ngapi safi, tengeneza ramani ya hiyo namba, penye moja au mbili usipaamini sana.

Masika ikikukatalia kabisa nenda Sentinel-1, ni rada, inapita kwenye mawingu. Haikupi NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea), na mlimani miteremko inayoitazama setilaiti inajikunja na kung'aa, kwa hiyo itumie zaidi tambarare za chini, mashamba ya mpunga na miwa, huko inafanya kazi vizuri sana.