Namna ya Kununua Gari la Kifahari Lililotumika Bila Kurithi Madeni ya Gereji

Gari la kifahari lenye umri wa miaka 10 au 15 huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya mwanzo, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoponzwa. Bei ya gari imeshuka, lakini vipuri vyake havina habari kwamba gari limezeeka: taa ya mbele, kompresa ya hewa na giaboksi bado vinadai fedha ya gari la tabaka lake. Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza kama unamudu kulinunua, jiulize ni matengenezo gani ambayo mwenye gari ameyaahirisha hadi akaona heri aliuze.

Anza na karatasi. Linganisha namba ya utambulisho wa gari, yenye herufi na tarakimu 17, na ile iliyo kwenye hati, kisha usome kumbukumbu za matengenezo ukitazama tarehe na kilomita pamoja, kwa kuwa odometa iliyorudishwa nyuma mara nyingi huumbuliwa na risiti ya zamani. Tazama pia matairi. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu 4 zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtu aliyefunga matairi manne ya chapa nne tofauti kwenye gari la namna hii hajanipa sababu ya kuamini kwamba alikuwa mkarimu zaidi kwa injini.

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na ukifika gusa boneti kuhakikisha kwamba injini imepoa. Injini baridi haifichi mengi. Mlio wa kukwaruza unaosikika kwa sekunde chache baada ya kuwasha unaweza kuwa wa cheni ya taimingi, ile inayooanisha valvu na mzunguko wa injini, iliyolegea, na kuibadilisha cheni hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Katika injini za Mercedes-Benz za M272 na M273 zilizotoka miaka ya mwanzo, tatizo linalojulikana ni meno ya gia inayozungushwa na cheni hiyo kulika mapema. Gia yenyewe ni ndogo, ila kuifikia kwa kawaida hulazimu injini ishushwe. Kwa BMW zenye injini ya N62, liache gari liungurume limesimama kwa dakika kadhaa, kisha ukanyage mafuta: moshi wa buluu ukitoka kwa wingi, sili za valvu zimekauka na oili inapenya hadi kwenye chemba za kuunguzia. Injini hiyohiyo ina bomba la maji lililopita katikati yake, ambalo sili zake huvuja uzeeni. Mara nyingi maji yanayopungua bila kuonekana yanakokwenda hutokana na bomba hilo.

Springi za hewa zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea kwa kutofahamu chanzo cha ubovu. Mercedes-Benz iliziweka kwenye S-Class ya W220 mwaka 1998, na baadaye zikaenea katika magari mengi ya tabaka hilo. Kila gurudumu hubebwa na mfuko wa mpira uliojazwa hewa, na kwa miaka mpira huo hupata nyufa. Hewa ikivuja kidogo kidogo, kompresa inayoijaza mifuko hiyo hulazimika kufanya kazi muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, hadi nayo iungue. Fundi asiye makini hubadilisha kompresa na kukukabidhi gari lililosimama sawasawa, na baada ya miezi michache kompresa mpya inakufa kwa sababu ileile. Dawa ni kutafuta uvujaji kwanza, na kazi hiyo huweza kufanywa kwa maji ya sabuni tu. Wewe kama mnunuzi omba kuliona gari asubuhi, baada ya kulala limesimama: pembe moja ikiwa imeinama, umekwisha kupata hoja ya kupunguziwa bei. Wapo wanaong'oa mfumo wote na kuweka springi za chuma. Gharama hupungua, lakini ulaini uliokuvutia kwenye gari hilo unaondoka, na taa ya onyo inaweza kubaki ikiwaka kwenye dashibodi.

Kuhusu giaboksi, usishawishike na maneno kwamba oili yake ni ya maisha, yaani haihitaji kubadilishwa kamwe. Kampuni ya ZF, ambayo giaboksi yake ya 6HP26 ilifungwa kwenye BMW 7 Series, Jaguar XJ na Audi A8 za miaka ya 2000, yenyewe inapendekeza oili ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000 au kila miaka 8. Liendeshe gari hadi lipate moto sawasawa, kisha usikilize linapopunguza gia kuelekea kusimama. Mshtuko hapo, au kuchelewa kuitika unapoweka gia ya kurudi nyuma, si jambo la kupuuza.

Umeme una hila zake. Muuzaji anaweza kufuta misimbo ya hitilafu dakika chache kabla hujafika, taa ya injini ikazimika, lakini skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, itaonyesha kwamba majaribio ya ndani ya mfumo bado hayajakamilika. Ukiona hivyo, omba kurudi siku nyingine. Inua pia mazulia na kagua sakafu ya buti, kwani mifereji ya dirisha la paa ikiziba, maji huishia kwenye vikasha vya elektroniki, na hitilafu zake huibuka na kutoweka bila mpangilio. Hata betri ina masharti: BMW nyingi hutaka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo huchajiwa kana kwamba ni ileile kuukuu.

Petroli ya oktani ya juu, bima, matairi mapana na diski kubwa za breki ni gharama za kawaida, na zinakadirika. Zisizokadirika ndizo zinazohitaji akiba. Ushauri wangu ni kutenga walau robo ya bei ya kununulia kabla ya kusaini chochote. Ukitaka utulivu zaidi, Lexus LS 430 ya 2000 hadi 2006 imejijengea sifa ya uimara, mradi mkanda wake wa taimingi uwe umebadilishwa kila kilomita 150,000 hivi. Mrithi wake, LS 460, hulegea bushi, yaani mipira ya kwenye maungio, za mikono inayoshika magurudumu ya mbele, na kwa kawaida mwenye gari hulazimika kununua mikono mizima.

Mwisho, mlipe fundi uliyemchagua mwenyewe, anayeijua chapa hiyo, alipandishe gari juu na kulikagua. Muuzaji akikataa, ondoka. Akikubali na ukanunua, wiki ya kwanza badilisha oili ya injini, oili ya giaboksi, maji ya kupoza injini na mafuta ya breki, hata kama umeambiwa vyote vilibadilishwa juzi.