Jinsi ya kupanga njia za umeme za jikoni kabla ya kupiga plasta

Jikoni ndiko vyombo vyenye kuvuta umeme mwingi huwashwa kwa pamoja, na ndiko mpango mbovu unakojidhihirisha mapema: breka hukatika chakula kikiwa motoni, soketi huungua pembeni, na waya uliofichwa ukutani hupata joto bila mtu kujua. Mwongozo huu ni wa anayejenga au kukarabati nyumba ya Tanzania yenye umeme wa fezi moja wa volti 230. Mpango unaweza kuuandaa mwenyewe, lakini kazi ya kuunganisha mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA.

Hatua ya 1: Orodhesha vyombo na wati zake

Soma kibandiko kilicho nyuma au chini ya kila chombo, kisha gawanya wati kwa 230 ili upate ampea. Birika la wati 2,200 huvuta ampea 9.6, na jiko la presha la umeme la wati 1,000 huvuta 4.3. Kwa mikrowevu uwe mwangalifu, kwa sababu namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni nguvu ya kupikia, ilhali umeme unaoingia ni mwingi zaidi. Ikiwa inavuta wati 1,300, hizo ni ampea 5.7. Vyombo hivyo vitatu vikiwashwa pamoja vinafika ampea 19.6, na hapo bado hujawasha kibaniko cha mkate.

Hatua ya 2: Lipe jiko sakiti (njia ya umeme yenye breka yake) ya peke yake

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Jiko la plati nne na oveni lenye jumla ya wati 8,000 lingevuta ampea 34.8 kama kila kitu kingewaka kwa nguvu kamili, jambo ambalo hutokea mara chache, kwa kuwa vidhibiti joto huzima na kuwasha plati na oveni kwa zamu. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hutumia kanuni iliyotoka Uingereza: hesabu ampea 10 za kwanza zote, ongeza asilimia 30 ya zinazobaki, kisha ongeza 5 ikiwa swichi ya jiko ina soketi. Kwa mfano wetu tunapata 10 + 7.4 + 5, yaani ampea 22.4. Breka ya ampea 32 na waya wa shaba wa milimita za mraba 6, kutoka kwenye boksi la breka moja kwa moja hadi kwenye swichi ya jiko, vinatosha kwa umbali wa kawaida wa nyumbani.

Majiko mchanganyiko ya gesi na umeme ndiyo yanayowaponza wengi. Plagi ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, sawa na wati 2,990. Jiko lenye plati mbili na oveni likipita kiwango hicho halifai kufungiwa plagi, hata kama muuzaji amekuahidi kwamba litawaka.

Hatua ya 3: Gawa soketi

Weka angalau sakiti mbili za soketi za mezani, kila moja kwa waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 20. Birika liwe kwenye moja na mikrowevu kwenye nyingine.

Hatua ya 4: Chagua mahali

Swichi ya jiko ikae pembeni mwa jiko, ndani ya mita mbili, ili moto ukilipuka uweze kuizima bila kupitisha mkono juu ya plati. Soketi zisogee walau sentimita 30 kutoka sinki.

Hatua ya 5: Laza mabomba

Bomba la waya za jiko liwe peke yake. Waya nyingi zikibanwa katika bomba moja hushindwa kupoa, na kwa joto la Dar es Salaam uwezo wa waya wa milimita za mraba 6 unaweza kushuka chini ya ampea 32 ambazo breka inaziruhusu.

Hatua ya 6: Ethi na vipimo

Waya wa ethi ufike kwenye kila soketi na kwenye bodi ya chuma ya jiko, na sakiti zote zilindwe na breka ya RCD inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Kabla ya kuunganisha jiko, fundi apime ukinzani wa ganda la waya (insulesheni) kwa volti 500. Usipungue megaomu 1. Jiko lililokaa stoo muda mrefu likikatisha RCD siku ya kwanza, huenda elementi zake zimenyonya unyevu. Lichomolewe na kupimwa peke yake, wala RCD isiondolewe.