Kuhamisha seva ya barua pepe ya ofisi kwenda mashine mpya bila kupoteza barua

Ofisi ndogo hapa Dodoma, iwe Area D au Kisasa, mara nyingi ina mashine moja iliyofungiwa kwenye kachumba karibu na printa. Inapokea barua pepe, inagawa anwani za mtandao, inatunza mafaili ya mhasibu. Kwa kuwa imefanya kazi miaka mingi, hakuna anayekumbuka yote inayoyafanya. Mwongozo huu ni wa seva ya Linux yenye Postfix (hutuma na kupokea barua), Dovecot (huwafungulia watu masanduku yao ya barua) na Samba (hugawa folda za ofisi). Msimamo wangu ni mmoja: mashine mpya iwe imekwisha kubeba karibu kila kitu kabla ya usiku wa kuhama, ili usiku huo ubaki na kazi ya kumalizia tu.

Hatua ya 1: Jua mashine ya zamani inafanya nini

Usitegemee kumbukumbu ya mtu, hata ya fundi aliyeifunga. Ingia kwenye seva uandike `ss -tlnup`. Kwenye mifumo mikongwe tumia `netstat -tlnup`. Kila poti (mlango wa mtandao wenye namba) iliyo wazi iandike pamoja na programu inayoisikiliza. Kisha pitia `crontab -l`, orodha ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba, ya kila mtumiaji, kwa sababu huko ndiko hujificha bakapu ya usiku na ripoti ambayo mkurugenzi huikuta asubuhi bila kujua inatoka wapi.

Baada ya hapo zunguka ofisini uulize. Mhasibu anafungua folda gani? Skana inatuma wapi? Hiyo skana ndiyo husumbua kuliko vyote. Nyingi za zamani zinajua SMB1 tu, njia kongwe ya kufungua folda za mtandao, na Samba kuanzia toleo la 4.11 imeizima isipokuwa uiwashe mwenyewe. Nyingine hutuma barua kwa TLS 1.0, toleo kongwe la usimbaji wa mawasiliano, ambayo mifumo mipya huikataa. Usilegeze usalama wa ofisi nzima kwa ajili ya kifaa kimoja. Iache skana itume kwa poti 25 humu ndani bila TLS, na uweke anwani yake peke yake kwenye `mynetworks` ya Postfix, yaani orodha ya vifaa inavyoviamini.

Pima pia diski kwa `smartctl -a /dev/sda`. Ukiona Reallocated_Sector_Ct au Current_Pending_Sector inapanda, nakili data leo hii. Mipango mingine itasubiri.

Hatua ya 2: Andaa mashine mpya

Weka diski mbili kwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kiwe kwenye diski zote mbili, na bakapu nyingine nje kabisa ya mashine. RAID hukulinda diski ikifa, ila mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote mbili papo hapo.

Kwa Dodoma nasisitiza mambo mawili. Vumbi la kiangazi huziba feni na kupandisha joto, kwa hiyo inua mashine kutoka sakafuni na uisafishe kwa ratiba. La pili ni umeme: UPS (betri ya akiba) iwe na kebo ya kuiambia seva izime taratibu betri ikikaribia kuisha, na fundi umeme apime athi, yaani waya wa kutupa umeme ardhini. Ardhi yetu ikikauka miezi mingi bila mvua, fimbo ya athi hupoteza nguvu yake.

Upande wa mfumo, ukitoka CentOS 7 jua kwamba matunzo yake yaliisha tarehe 30 Juni 2024. Debian 13 inakuja na Dovecot 2.4, ambayo haisomi mipangilio ya 2.3, kwa hiyo usinakili `dovecot.conf`, iandike upya taratibu. Programu ya DHCP ya ISC, inayogawa anwani za mtandao, nayo iliachwa kutunzwa mwaka 2022. Kwa ofisi ndogo, dnsmasq inatosha kabisa.

Hatua ya 3: Hamisha watu, kisha barua zao

Hamisha akaunti za wafanyakazi zikiwa na namba zilezile za UID (namba ya mtumiaji kwenye mfumo), pamoja na nywila zao kama zilivyosimbwa ndani ya `/etc/shadow`. Chukua mistari ya watu tu, usifunike faili zima. Ukifanya hivi, hakuna atakayehitaji nywila mpya ya barua asubuhi. Samba hutunza nywila zake kando, kwa hiyo nazo zihamishe.

Sasa barua, ambazo hapa zimo ndani ya `/home`. Ukiwa kwenye mashine mpya, zinakili kwa rsync:

`rsync -aH --numeric-ids --bwlimit=5000 root@192.168.1.10:/home/ /home/`

Safari ya kwanza hubeba kila kitu huku ofisi ikiendelea na kazi. Safari zinazofuata hubeba yaliyobadilika tu. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile.

Hakikisha mafaili ya `dovecot-uidlist`, ambamo Dovecot huandika namba ya kila barua, yamekuja. Yakipotea, kompyuta na simu zote zitaziona barua kuwa ni ngeni na kuzishusha upya, na wanaotumia POP3 (njia ya kushusha barua kwenye kompyuta) watapata nakala mbilimbili. Kwa mwenzako aliye kazini Kondoa au Mpwapwa anayetumia bando la simu, hilo ni pesa yake inateketea.

Nakili na ufunguo wa DKIM pia, unaotia sahihi barua zinazotoka, kwa jina lilelile la selekta (jina la ufunguo huo kwenye rekodi za kikoa).

Hatua ya 4: Amua kuhusu anwani

Njia ninayoipenda ni mashine mpya kurithi anwani ya ndani ya ile ya zamani. Rauta inaendelea kuelekeza poti zilezile mahali palepale, anwani ya nje haibadiliki, na hivyo rekodi za kikoa unaziacha zilivyo: MX (barua ziende seva ipi), SPF (nani anaruhusiwa kutuma kwa jina lako) na PTR (jina la anwani yako ya nje).

Kama unabadilisha na mtoa huduma wa intaneti, kazi inaongezeka. Siku kadhaa kabla, shusha TTL ya rekodi zako, yaani muda ambao wengine huzikumbuka, kutoka sekunde 86400 hadi 300, ongeza anwani mpya kwenye SPF, na umwandikie mtoa huduma mpya akuwekee PTR. Hiyo PTR huwezi kuiweka kwenye paneli ya kikoa chako, na bila hiyo barua zako nyingi zitaishia kwenye takataka za wapokeaji.

Hatua ya 5: Usiku wa kuhama

Ijumaa saa mbili usiku panafaa. Funga poti 25 kwenye rauta. Usiogope: seva za nje zikikosa jibu huweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, Postfix yenyewe husubiri siku 5. Kinachopoteza barua ni seva kujibu kwamba mpokeaji hayupo, maana hapo mtumaji hakurudii. Kwa hiyo mashine mpya iwekee `soft_bounce = yes`, ili hata ukisahau akaunti ya mtu, barua irudi kwenye foleni badala ya kukataliwa moja kwa moja.

Fuata mpangilio huu. Subiri `mailq`, foleni ya barua zinazotoka, ya mashine ya zamani iwe tupu. Zima Postfix, Dovecot, Samba na DHCP kule. Rudia rsync mara ya mwisho, kwa folda za barua na za Samba pia, safari hii ukiongeza `--delete`, na usome amri mara mbili kabla ya kubonyeza: chanzo ni zamani, mwisho ni mpya. Badilisha anwani, ya zamani ipewe 192.168.1.12 na mpya ichukue 192.168.1.10. Washa huduma. Kompyuta zisipoiona seva, zima rauta na swichi uziwashe tena, zisahau MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya mashine ya zamani.

Jaribu ndani kwanza: tuma, pokea, fungua folda ya mhasibu, skani ukurasa. Ndipo ufungue poti 25, na ujaribu kutoka simu iliyo kwenye data, nje ya Wi-Fi ya ofisi. Kuanzia hapa rsync ile isiguswe tena, itafuta barua mpya.

Hatua ya 6: Baadaye

Jumatatu kaa na `journalctl -f`, inayoonyesha kumbukumbu za seva papo hapo, mapema kabla watu hawajafika. Ukiona mtumiaji halali anakataliwa, mwongeze. Foleni za nje zitaleta barua zake zenyewe. Mambo yakitulia siku 2 au 3, ondoa `soft_bounce`.

Mashine ya zamani izime lakini itunze mwezi mzima. Kisha futa diski kwa `shred -v -n 1 /dev/sda`, ukiiwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye USB. Kama ni SSD tumia zana ya mtengenezaji, kwani shred haiifuti yote. Usiiuze wala kuigawa kabla ya hapo. Ndani yake kuna mishahara, vitambulisho na barua za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka ofisi izilinde. Diski ikishafutwa, andika tarehe na jina la aliyeifuta kwenye rejesta ya mali, ndipo mashine iende stoo.