Mradi wa kijiji kuingia PlanRep: mwongozo kwa watendaji wapya

Wiki hii nilikuwa namsaidia mtendaji mmoja wa kijiji huku Moshi Vijijini. Maswali yake ni yale yale ya kila msimu wa bajeti: mradi wa kijiji unaingiaje PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri? Basi nimeona niyaandike.

1. Mkutano mkuu wa kijiji. Usiuitishe siku ya gulio. Mahudhurio yawe na sahihi.

2. Geuza ombi liwe shughuli. Hapa ndipo wengi hukwama. Muhtasari wa mkutano unasema "wananchi wanaomba shule iboreshwe." Iboreshwe vipi? PlanRep inataka shughuli iliyo chini ya shabaha, na shabaha iliyo chini ya lengo. Kwa hiyo andika hivi: "Kujenga matundu 6 ya vyoo shule ya msingi fulani ifikapo Juni 30," kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Kisha chambua gharama. Saruji, mabati na ufundi kila kimoja kiwe na mstari wake, ili afisa mipango aviweke kwenye kasma (vifungu vya matumizi) zake. Ukileta "ujenzi, milioni 12" utarudishiwa. Taja na chanzo: mapato ya ndani, ruzuku, au nguvu za wananchi. Mawe, mchanga na kuchimba msingi vithaminishwe kwa shilingi, lakini usijaze nguvu ambazo hazikuahidiwa hadharani. Mwenyekiti wa kitongoji asimame palepale mkutanoni, aseme watu wake wataleta tripu ngapi za mawe, na iandikwe. Asiposema, weka sifuri. Mwenyekiti wa kijiji atanuna, mwache anune.

Fanya haya yote kwenye Excel kwanza, mtandao usije ukakukatikia katikati ya kujaza. Muhtasari uliopigwa picha na kutumwa WhatsApp mimi siupokei. Nusu ya tarakimu hazisomeki.

3. WDC, yaani Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti. Mweleze mradi kabla ya kikao, maana vijiji vyote vya kata vinagombea ukomo uleule wa bajeti.

4. Halmashauri. Kabla rasimu haijaenda kwa wakuu wa idara, Kamati ya Fedha na Baraza la Madiwani, omba nakala ya mstari wako. Kagua jina la kijiji na idadi ya sifuri.

5. Ubao wa matangazo. Bajeti ikipitishwa, ibandike. Mradi ukikatwa, bandika pia, na sababu yake.