Huna pesa za kutangaza kufilisika? Namna ya kupata msaada wa gharama hapa Uganda

Juzi mama mmoja, fundi cherehani wa Kisenyi, amefikisha ombi lake la kufilisika mahakamani, na mimi nilikuwa naye tangu karatasi ya kwanza. Wengi wameniuliza ni nani aliyemlipia. Hakulipiwa na mtu mmoja. Tuligawa gharama, kila moja tukaitafutia mahali pake, nanyi nawashauri mfanye hivyo hivyo.

1. Orodhesha gharama moja moja

Ada ya mahakama, kiapo kwa kamishna wa viapo, tangazo la gazeti, wakili, nakala, nauli. Wakili ndiye ghali zaidi, lakini ndiye anayepatikana bure kwa urahisi kuliko vingine vyote. Tangazo la gazeti ndilo hukosa mfadhili, kwa hiyo mchango wa ndugu uwekee hilo.

Usiuze cherehani wala vyombo vya kazi ili ulipe gharama hizi. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2011 inamwachia mfilisika vifaa vyake vya kazi, nguo na matandiko. Ukiviuza umejinyang'anya mwenyewe ulichoachiwa. Usikope tena kwa ajili ya ada. Wala usimlipe shemeji kwanza ukawaacha wengine, maana malipo ya upendeleo yanaweza kutenguliwa.

2. Pita kwa Mpokeaji Rasmi

Huyu ndiye afisa wa serikali anayesimamia mambo ya kufilisika (Official Receiver). Ofisi yake iko URSB, taasisi ya serikali ya usajili wa biashara. Makao makuu yako Kololo, Kampala, na URSB ina ofisi pia Gulu, Arua, Mbale na Mbarara. Uliza kama mapatano na wadai wako yangetosha bila kufilisika. Uliza pia mahakama inayokufaa: kwa mtu binafsi, shauri lisilozidi shilingi milioni 50 linaweza kwenda kwa hakimu mkuu wa eneo (Chief Magistrate) badala ya Mahakama Kuu, na hapo nauli inapungua sana.

3. Thibitisha kuwa huna uwezo

Hapa ndipo watu hukwama, kwa hiyo someni polepole. Watoa msaada wa kisheria hupima mambo mawili: kama shauri lako lina msingi, na kama kweli huna pesa za kumlipa wakili. La pili linataka karatasi. Machozi hayatoshi, hata yakiwa ya kweli.

Anza na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa wako. Barua ya "namfahamu, ni mkazi wangu" haisaidii kitu. Mwombe aandike unafanya kazi gani, unategemewa na watu wangapi, unaishi nyumba ya kupanga au yako, na kwamba umeshindwa kulipa madeni. Iwe na muhuri, tarehe na jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kama umehama kwa sababu ya wadai, nenda kwa mwenyekiti wa unapolala sasa. Yule wa zamani atathibitisha nyumba usiyokaa tena. Wakimbizi walio makambini, mfano Nakivale, huanza kwa kamati yao ya ustawi wa wakimbizi, na karatasi za ukimbizi hushika nafasi ya kitambulisho cha taifa.

Kitambulisho chenyewe je? Wakopeshaji wengi hukishika kama rehani. Sheria ya mwaka 2016 ya wakopeshaji hairuhusu hilo. Kidai kwa maandishi, na asipokirudisha peleka malalamiko UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji. Usisubiri mpaka siku ya miadi na wakili.

Kisha chapisha taarifa ya miamala ya simu yako. Naipenda kuliko karatasi nyingine yoyote: inaonyesha pesa zinaingia asubuhi na kutoka jioni kwenda kwa mkopeshaji. Weka alama ya kalamu pembeni ya kila malipo ya deni, andika jina la mdai. Mama yule alifanya hivyo, na kazi ya kuorodhesha wadai ikawa imekwisha nusu.

Jambo la mwisho hapa: taja kila kitu. Kibanja cha kijijini mnachomiliki na ndugu, hisa za SACCO, pikipiki iliyoharibika. Ukificha kibanja kwa mtoa msaada kisha kikaonekana kwenye taarifa ya mali na madeni unayoiapia mahakamani, unapoteza wakili, na kiapo cha uongo ni kosa la jinai.

4. Omba wakili

Uliza kwanza kama wanashughulikia madeni, maana baadhi hupokea ardhi, familia na jinai tu. Jaribu Justice Centres Uganda, kliniki ya msaada wa kisheria ya Law Development Centre, na mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society. Akina mama wapite FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake. Wakimbizi, Refugee Law Project. Mimi huanza na hiyo Uganda Law Society, chama cha mawakili, kwa sababu kanuni za mwaka 2009 zinamtaka kila wakili atoe saa 40 kwa mwaka kwa wasio na uwezo, au alipe badala yake. Ukikataliwa, omba jina la shirika lingine kabla hujatoka mlangoni.

Wakili akipatikana, mwulize mapema kama mnaweza kuomba msamaha wa ada ya mahakama. Kanuni za mashauri ya madai zina utaratibu wa maskini, na karatasi za hatua ya 3 ndizo zitakazotumika.

5. Mchango wa ndugu

Usiombe "msaada wa kesi." Mpe kila mtu kitu kimoja chenye bei. Kwa ada za serikali, mtumie ndugu namba ya malipo, ile PRN, alipe mwenyewe kwa simu au benki. Namba hiyo ina tarehe ya mwisho, basi itoe pale tu mlipaji anapokuwa tayari, na risiti akurushie siku hiyo hiyo uipeleke kwa wakili.