Kabla ya kukopa ili usome haki jinai Minnesota

Mpwa wangu amemaliza high school hapa Brooklyn Park na anataka kusoma haki jinai (criminal justice, yaani fani ya polisi, mahakama na magereza) ili awe polisi. Jumapili tukitoka kanisani akaniambia, "Mjomba, kuna chuo kimenipigia simu mara tatu wiki hii." Nikamwomba asitie sahihi popote hadi tukae chini na kalamu. Niliyomwandikia nayaweka hapa kwa wengine pia, maana mimi sikuandikiwa na mtu, na hadi leo dola 212 za mkopo wa masomo hutoka kwenye akaunti yangu kila tarehe 14.

Anza na kazi, chuo kitafuata. Sehemu nyingi za Marekani unaweza kuomba kazi ya polisi ukiwa na cheti cha sekondari tu. Minnesota leseni inadai digrii, angalau ile ya miaka miwili wanayoiita asosieti, pamoja na mafunzo yanayotambuliwa na bodi ya POST, ambayo ndiyo inayotoa leseni za polisi jimboni. Kwa hiyo hapa digrii ina uzito kweli, ila lazima mafunzo yako yawe yanatambuliwa. Bodi ina orodha ya vyuo kwenye tovuti yake. Ifungue hiyo kabla ya tovuti ya chuo chochote.

Mimi sikuifungua. Nilisoma jioni miaka miwili katika chuo cha kibiashara, yaani cha binafsi kinachoendeshwa kwa faida, nikitoka ghalani na viatu vya kazi. Siku nilipopeleka transkripti yangu (orodha ya masomo na alama) ofisi ya ajira, mama aliyenipokea alivaa miwani, akapitisha kidole somo baada ya somo hadi chini, akageuza ukurasa, akarudia. Kisha akanisukumia karatasi polepole juu ya meza na kusema pole. Hakuna somo hata moja lililohesabika kwa leseni. Na si mimi tu niliyepatwa na mambo ya namna hii: mwaka 2016 mahakama ya Kaunti ya Hennepin iliamua kwamba vyuo viwili vya kibiashara viliwadanganya wanafunzi wa haki jinai kuhusu kazi ambazo wangeweza kupata.

Sasa mshahara. Kwa takwimu za serikali za 2024, mshahara wa kati (nusu hupata zaidi ya huo, nusu chini yake) wa polisi na wapelelezi nchini ulikuwa karibu dola 77,000 kwa mwaka. Askari jela, karibu 58,000. Walinzi wa kampuni, karibu 38,000. Wenye digrii hii utawakuta katika kazi zote tatu, na hizo mbili za mwisho kwa kawaida hazidai digrii kabisa. Kama unachotaka ni kazi ya jela ya kaunti, omba sasa, usome ukiwa unalipwa. Mimi ndivyo nilivyoingia hatimaye, zamu ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi.

Ukishapata vyuo viwili vitatu, nenda kwenye College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani ya kulinganisha vyuo. Tafuta fani ya haki jinai, chagua ngazi ya asosieti, uone wahitimu wa kila chuo wanapata kiasi gani na wanatoka na deni kiasi gani. Soma kwa uangalifu: mapato yanayoonyeshwa ni ya waliopata msaada wa serikali kuu, na deni la benki binafsi halimo. Programu nyingine hazina takwimu kwa sababu wahitimu ni wachache.

Kisha piga hesabu ya deni lenyewe. Mwanafunzi anayehesabiwa kuwa chini ya wazazi anaruhusiwa mikopo ya serikali kuu ya dola 5,500 mwaka wa kwanza na 6,500 wa pili. Anayejitegemea, 9,500 na 10,500. Chukua huyo wa pili, akope zote 20,000 kwa riba ya asilimia 6.39, ambayo ndiyo ya mwaka wa masomo 2025–26. Kwa miaka kumi atalipa kama dola 226 kila mwezi, na jumla itapita 27,000. Polisi atabeba. Mlinzi ana kama 3,170 kwa mwezi kabla ya kodi, na humo kuna kodi ya nyumba, gari, na mama nyumbani anayesubiri M-Pesa. Kwamba umeruhusiwa kiasi fulani haimaanishi ukikope chote.

Na huenda usihitaji kukopa. Jaza mapema FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Mwenye green card anaruhusiwa. Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, hufika dola 7,395 kwa mwaka, nayo hairudishwi. Tangu 2024 kuna pia North Star Promise: mkazi wa Minnesota ambaye mapato ya familia yake hayafiki dola 80,000 hulipiwa karo iliyobaki baada ya ruzuku nyingine katika vyuo vya umma. Niliposoma mimi haikuwapo. Mpwa wangu anayo, na bado ni chuo cha kibiashara ndicho kinachompigia simu.

Ukishakopa, usiache kulipa. Wanaochunguza waombaji wa upolisi mara nyingi hutazama rekodi yako ya mikopo. Ukiajiriwa na kaunti, jiji au jimbo, ulizia PSLF, mpango wa serikali kuu wa kuwafutia mikopo watumishi wa umma: malipo 120 ya kila mwezi yanayostahili, kisha salio linafutwa. Lakini uwe kwenye mpango wa kulipa kulingana na kipato, kwa sababu kwa mpango wa kawaida wa miaka kumi hakutabaki kitu cha kufuta. Kampuni ya ulinzi ya kibiashara haihesabiwi.

Mwisho, andikia chuo barua pepe, usipige simu. Uliza: programu hii inatambuliwa na bodi ya POST? Nikitaka digrii ya miaka minne, krediti zangu zitapokelewa na chuo gani cha umma? Karo, vitabu na ada zote ni kiasi gani hadi nimalize? Je, idara ninayoitaka inadai uraia? (Hilo la mwisho uliza idara yenyewe.) Majibu yakija, yachape uyaweke kwenye faili moja na pasipoti yako. Mimi niliahidiwa kila kitu kwa simu, na sina karatasi hata moja ya kuonyesha.